Jino Kwenye Tovuti ya Ukoo

Jumatatu, 3 Machi

Goti la Shangazi limegoma. Daktari kamwambia ngazi basi. Anakaa ghorofa ya tatu na jengo lao halina lifti, kwa hiyo maana yake ni kuhama. Habari nimezipata kama wanavyozipata watu wote wa ukoo huu: kwenye kundi la simu la Shemeji, kati ya picha ya waridi yenye maneno "Asubuhi Njema Yenye Baraka" na ujumbe wa sauti wa Dada wa dakika saba.

Dada anasema tukutane kwake Jumapili tarehe 16, tuamue Shangazi ahamie kwa nani. Kwake yeye na Shemeji. Au kwa Kitindamimba wetu, aliyeko mji mwingine. Au kwangu. Mimi nimetajwa mwisho, dakika ya sita na nusu, baada ya kikohozi.

Namtaka Shangazi. Niandike waziwazi, daftari hili halisomwi na mtu. Nyumba yangu haina ngazi hata moja. Chumba alichokuwa akishonea marehemu mke wangu kina dirisha la upande wa jua, na ni mwaka wa nne hakuna anayekaa humo. Shangazi anaongea akipika, anaongea akikunja nguo, anaongea hata usingizini. Ningependa kuwa na mtu wa kuongea usingizini. Jana birika lilipiga mluzi nikaliambia haya, nimekusikia, usinigombeze.

Kubishana kwenye kundi haiwezekani. Shemeji ndiye msimamizi, na ukiandika jambo la maana anatupia ua. Lakini nimekuwa karani wa masjala miaka thelathini na mmoja. Najua siri moja ambayo wakubwa hawaijui: anayeshika faili ndiye anayeshika uamuzi. Kwa hiyo nitatengeneza faili. Tovuti ya ukoo! Waje wote kwangu.

Nimesoma makala. Inasema mtu yeyote anaweza kubadilisha mandhari na plagini za tovuti bila ujuzi wa kuandika msimbo, ile lugha ya kompyuta. Mandhari ndiyo nguo tovuti inayovaa. Plagini ni vikorombwezo vya kuipachikia ifanye kazi zaidi. Mtu yeyote, wamesema. Basi ni mimi.

Ukoo mzima huniita Injinia tangu nilipotengeneza pasi ya Dada. Haikuwa sifa.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nzima kuchagua mandhari. Za bure ni maelfu. Nimechukua yenye picha ya familia iliyojaa furaha: bibi, baba, mama, watoto wawili, wote wanacheka mpaka ufizi. Nikasema huu ndio ukoo. Nikabonyeza.

Kumbe wanacheka kwa sababu meno yao yametibiwa. Ni mandhari ya zahanati ya meno.

Sikukata tamaa. "Tabasamu Lako, Fahari Yetu" nimeigeuza "Ukoo Wetu, Fahari Yetu". "Madaktari Wetu" sasa ni "Wazee Wetu", na picha ya Shangazi nimeiweka mahali palipokuwa na picha ya daktari bingwa. Amependeza. Chini yake bado pameandikwa "Ana mkono mwepesi", na sioni mahali pa kuyafutia. Lakini si uongo. Utotoni nimeuonja mkono huo.

Vitu viwili vimekataa kutoka. Jino kubwa jeupe lenye macho, juu kushoto. Na kitufe cha bluu kilichoandikwa "Weka Miadi". Nikikificha ukurasa wa kwanza, kinachungulia ukurasa wa pili.

Shangazi amepiga simu saa tano. Wakati huohuo nilikuwa nimelikamata jino kwa kipanya nalivuta pembeni, na ningeachia lingerudi. Nikaacha simu ilie. Isitoshe nataka apate mshangao mambo yakikamilika. Nitampigia baadaye.

Jino limerudi hata hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Plagini ishirini na tatu! Kila moja inajieleza kwamba bila yeye tovuti haisimami, na mimi si mtu wa kumkatalia mtu kazi. Moja inakuza herufi kwa wenye macho hafifu. Moja inadondosha theluji. Sikuitaka theluji, imekuja pamoja na nyingine, na sasa inamwangukia Shangazi usoni.

Moja ni kisanduku cha mazungumzo. Nilipoiwasha tu kikachomoza pembeni: habari, mimi ni Mhudumu, nikusaidie nini leo? Nikamjibu nzuri, sina shida, mimi ndiye mwenye tovuti. Akasema amefurahi kunifahamu. Nikamweleza habari za goti. Akasema anasikitika kusikia hivyo. Nikamweleza habari za chumba cha kushonea. Akasema anasikitika kusikia hivyo, je, ningependa kuweka miadi?

Ni plagini. Najua ni plagini. Lakini ni muda mrefu sijaulizwa nina shida gani, na tumeongea mpaka chai ikapoa.

Plagini nyingine inahesabu wageni. Alasiri nikaangalia: wageni sitini na wanne! Kabla hata sijamwambia mtu! Nilisimama. Nilivaa shati zuri, sijui kwa nini. Kisha nikabonyeza "Maelezo zaidi". Wote sitini na wanne wametoka mtaa huu, nyumba hii, kompyuta hii.

Shati sikulivua. Lilikuwa limeshapigwa pasi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeizindua. Katika ukurasa wa "Tunapatikana Wapi" nimeweka ramani, picha ya mlango wangu wa kijani, na maneno haya: "Nyumba ya chini, hakuna ngazi, chumba kipo wazi, karibu wakati wowote." Yeyote atakayesoma ataelewa Shangazi anapaswa kukaa wapi bila mimi kujipigia debe.

Nimetuma kiungo kwenye kundi saa nne kamili. Saa nne na dakika mbili Shemeji akatuma picha ya yungiyungi. Yungiyungi limepata mioyo kumi na minne. Kiungo changu kimepata mmoja, na nimeutia mwenyewe, ili wengine wapate moyo.

Baadaye Shemeji akaandika kwamba kazi ni nzuri sana, hongera Injinia, ila angependa kujua kama zahanati inapokea bima. Ukoo mzima ukacheka. Hata Kitindamimba, ambaye huwa hacheki mpaka kodi ya nyumba imelipwa.

Shangazi amepiga tena. Nilikuwa najibu hoja ya bima. Sikutaka anisikie sauti ikiwa na hasira.

Jumapili, 9 Machi

Sasa wananiita Daktari. Binamu mmoja ameuliza kwa dhati kabisa kama nafunga nyaya za kunyoosha meno. Dada ametuma ujumbe wa dakika tisa. Sita za kwanza alikuwa anamwelekeza mtu namna ya kuegesha gari, akasahau kuzima.

Nimelipiza kisasi kidogo. Mandhari hii ina sehemu ya "Kabla" na "Baada", yaani picha ya mgonjwa kabla ya matibabu na baada yake. Kwenye "Kabla" nimemweka Shemeji, picha ya kwenye harusi aliyofumba macho. Kwenye "Baada" nimejiweka mimi.

Nimecheka peke yangu jikoni. Kisha nikasikia ninavyocheka peke yangu jikoni, nikaacha.

Wageni halisi mpaka sasa ni watatu. Sihesabu mimi wala Mhudumu.

Jumanne, 11 Machi

Saa tatu asubuhi mlango umegongwa. Mlango wangu! Wa mwisho kuugonga alikuwa msoma mita, naye alikosea nyumba.

Nimefungua. Mwanamume wa makamo, shavu limevimba kama amebana limau mdomoni, kitambaa kimezunguka taya mpaka utosini. Kanionyesha simu yake. Imeandikwa: "Miadi yako imethibitishwa. Wazee Wetu wanakusubiri kwa hamu."

Amekiona kitufe cha bluu mtandaoni, akakibonyeza, akapewa saa tatu. Akafuata ramani mpaka mlango wa kijani.

Ilinipasa kumweleza ukweli palepale kizingitini. Nilisema karibu ndani. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi mwenyeji nilikuwa mgonjwa kuliko yeye. Nikamkalisha, nikampa chai ya vuguvugu ainywe kwa upande mzima. Akatazama huku na huku akauliza kiti kiko wapi. Nikamwambia anakalia. Akauliza vifaa viko wapi. Hapo nikakiri yote: Shangazi, goti, Shemeji, mandhari, jino lisilotoka.

Hakukasirika. Alisema maumivu yamejaa, hakuna nafasi ya hasira. Ni fundi saa, kazi yake kukaa kimya siku nzima na kusikiliza vitu vidogo, labda ndiyo maana anajua kusikiliza. Nikamwonyesha chumba cha kushonea. Akasifu dirisha. Halafu akaniuliza, kwa mdomo wa upande mmoja:

"Na huyo shangazi yako mwenyewe anasemaje?"

"Bado sijamuuliza," nikasema. "Nataka kwanza kura ipigwe, ukoo wote ukubali. Baadaye nimpelekee jibu kamili."

"Si umpigie tu, mzee."

Kabla sijajibu simu ikalia mezani kati yetu. Shangazi. Fundi akaitazama simu, akanitazama mimi. Nikamweleza kwamba kwetu si adabu kupokea simu mbele ya mgeni. Tukaisikiliza mpaka ikanyamaza.

Nimemsindikiza mpaka zahanati ya kweli, nyuma ya posta. Nikakaa naye kwenye benchi. Muuguzi akaniuliza kama ni ndugu yake, nikasema karibu. Aliitwa ndani, akatoka bila jino, akanishika mkono, akaenda zake. Sikumwomba namba ya simu. Nilikuwa naona aibu, na mdomo wake ulikuwa umekufa ganzi.

Nimerudi nyumbani na furaha ya siku nzima. Vikombe viwili mezani! Sijaviosha bado. Kisha nikatambua jambo kubwa: mtu amebonyeza kitufe kwenye tovuti yangu na amekuja mpaka mlangoni. Kwa hiyo tovuti inafanya kazi.

Alhamisi, 13 Machi

Kura imewekwa. Plagini ya ishirini na nne. "Shangazi Ahamie kwa Nani?" Machaguo matatu.

Nimejifunza kubadilisha rangi bila msimbo. Kitufe cha kwangu ni kijani kilichokolea, kikubwa, kinapepesuka kidogo ukikikaribia. Cha Kitindamimba ni cha njano. Cha Dada ni kijivu juu ya kijivu, herufi ndogo. Si hila. Dada mwenyewe hapendi makuu.

Mipangilio ya plagini ilikuwa na visanduku kumi na viwili vya kutia tiki. Nimetia vyote. Kuacha kisanduku kitupu hunihuzunisha.

Sheria ya plagini ni kura moja kwa kila kifaa. Haikusema kwa kila mtu. Nimepiga kwa kompyuta yangu. Nimepiga kwa simu yangu. Nimeitoa simu ya marehemu kwenye droo, nikaichaji nusu saa. Ilipowaka ikaja picha yetu, mimi na yeye, ameshika kofia isipeperuke. Nimekaa nayo kidogo. Kisha nikapiga kura. Naye angemtaka Shangazi. Walikuwa wakigombana vizuri sana wale wawili, na baada ya ugomvi nyumba ilikuwa inanukia chakula.

Halafu nikaenda duka la steshenari, penye kompyuta tano za kukodisha. Nilihama kiti kwenda kiti. Mwenye duka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema natafuta.

Matokeo saa kumi jioni: kwangu nane, kwa Dada sifuri, kwa Kitindamimba sifuri. Sijawahi kushinda kitu maishani. Nimemwambia Mhudumu. Amefurahi kunifahamu.

Ijumaa, 14 Machi

Maafa.

Kisanduku cha saba kati ya vile kumi na viwili kilikuwa kinasema: "Watumie wanachama wote shukrani kila kura inapopigwa." Ukoo mzima umepokea barua pepe nane. "Asante, Injinia, kwa kupiga kura." "Asante, Injinia, kwa kupiga kura." Tena na saa zimo. Tano za mwisho zimepishana dakika mbilimbili, ndio muda wa mtu mwenye kiuno kibovu kuhama kiti.

Shemeji hakuandika neno. Alizipanga zote nane kwenye kundi, moja chini ya nyingine, na chini yake akaweka ua. Safari hii lilikuwa alizeti.

Ya pili ni mbaya zaidi. Waliotaka kumpigia Dada hawakukiona kitufe cha kijivu. Wakaona cha bluu, wakadhani ndicho. Nimepokea maombi sita ya miadi ya meno, yote ya ndugu zangu wa damu. Dada mwenyewe ameandikishwa Jumatano saa nane, kung'oa mawili.

Nimejitia hamnazo. Nimeandika kwenye kundi kwamba ilikuwa majaribio ya mitambo na kwamba kura halisi itafunguliwa Jumapili saa nne, wakati wa kikao, matokeo yakionekana papo kwa papo. Hakuna aliyejibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikuwa nasafisha tovuti kwa ajili ya kesho. Pakatokea tangazo jekundu: plagini ishirini na nne zinahitaji masasisho, yaani zote. Makala ilionya kwamba mtu asasishe moja baada ya nyingine, na kwanza aweke nakala ya akiba. Haraka haraka haina baraka, najua. Lakini pembeni palikuwa na kitufe kimoja tu kilichosema "Sasisha Zote", na mimi kitufe kimoja ndicho ninachokielewa.

Tovuti imekuwa nyeupe. Hakuna Shangazi, hakuna Wazee Wetu, hakuna hata jino. Nimebonyeza kila mahali. Nyeupe tupu. Nimemwita Mhudumu. Hayupo.

Shangazi alipiga mchana. Mara mbili, moja baada ya nyingine. Ningemwambia nini? Kwamba yote niliyomfanyia yamefutika? Nimeifunika simu kwa mto.

Jumapili, 16 Machi

Kikao ni saa nne, kwa Dada, mwendo wa robo saa kwa miguu. Saa tatu nilikuwa nimeshavaa. Nikasema nijaribu mara moja ya mwisho, maana nikifika mikono mitupu Shemeji atanichinja kwa maua. Nilihitaji kitu cha kuwaonyesha.

Nimeondoa plagini moja. Nyeupe. Ya pili. Nyeupe. Saa nne ikapita. Saa tano Dada akatuma maandishi, yeye asiyeandikaga: "Asiyekuwepo na lake halipo. Njoo." Nilikuwa nimefika ya kumi na moja. Ningeacha hapo, ningesahau nimeishia ipi.

Ya mwisho kabisa ilikuwa ile ya theluji. Nilipoitoa, tovuti ikarudi. Jino likanitazama. Nikairudisha plagini ya kura peke yake. Ilikuwa saa kumi jioni.

Nikaandika kwenye kundi: "Tovuti imerudi hewani, kura iko wazi." Nikangoja. Plagini ya kuhesabu wageni nilikuwa nimeiondoa, kwa hiyo sijui kama amekuja mtu. Sidhani.

Sijala tangu asubuhi. Nimesimama kwenye chumba cha kushonea kitambo. Nilikuwa nimeshatandika kitanda tangu Jumanne ile ya fundi saa, shuka la maua madogo, mto wa pili kwa ajili ya goti. Pamekaa vizuri.

Jumatatu, 17 Machi

Dada amekuja mwenyewe. Hakupiga simu, hakutuma sauti. Amegonga mlango, akaingia, akakaa bila kuvua mkanda wa mkoba begani. Hapo nilijua.

Shangazi anahamia kwake. Jumamosi hii.

Nikasema sawa. Nikasema niliona tu, Shemeji amewapanga watu. Dada akautua mkoba mapajani. Kisha akasema:

"Mdogo wangu, hakuna aliyepanga. Tulimuuliza Shangazi anataka kukaa wapi. Akasema alitaka kwako."

Nikatazama mlango wa chumba cha kushonea.

"Alikupigia mara tano. Alitaka kukuomba kile chumba. Anasema wewe ndiye uliye peke yako, na yeye ndiye aliye peke yake, basi mngekaa. Hukupokea. Akasema, 'Mtoto ana shughuli zake, nisimlazimishe.' Jana alitukataza tusianze bila wewe. Mpaka saa sita anatazama mlango."

Nilimweleza kwamba nilikuwa natengeneza. Kwamba yote ilikuwa kwa ajili yake huyohuyo. Dada akasema, "Najua." Akasema hivyo mara mbili, na mara ya pili akanishika bega, jambo ambalo hajalifanya tangu msiba. Alipoondoka aliomba samahani kuhusu miadi ya Jumatano. Nikamwambia imefutwa.

Nimelia. Naandika ili ibaki. Nimekaa kwenye kiti cha cherehani nikalia mpaka shati likalowa kifuani. Nilikuwa na mtu anayegonga mlango kwa siku kumi na mbili, nami nilikuwa ndani natengeneza kengele.

Alhamisi, 20 Machi

Nimempigia Shangazi. Mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu. Alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. U mzima? Unakula?"

Nikasema nakula. Akasema mwongo. Akasema hana kinyongo, kwa Dada ni karibu, robo saa tu, na goti likipona atakuja hata kwangu kukagua vumbi. Akasema nije Jumapili mchana. Shemeji atakuwa amesafiri, Dada atakuwa kanisani mpaka alasiri, tutakuwa sisi wawili tu. Nije tuongee. Nilimsikia anavyohema kwa furaha. Nikasema nitakuja.

Nilipokata simu nilijisikia mwepesi kama nimetua gunia. Nilizunguka nyumba nikipiga mluzi. Nikaosha vikombe. Nikapata hata hamu ya kufungua kompyuta, niifute tovuti yote iishe.

Na hapo ndipo nilipoona kosa lilikuwa wapi.

Mandhari! Tangu mwanzo! Mtu gani mwenye akili atakuja na siri zake za ukoo kwenye zahanati ya meno? Nimeperuzi mandhari mpya asubuhi nzima na nimeipata. Ni ya ukumbi wa harusi. Ina mapambo, ina ukurasa wa "Waalikwa Wetu", ina daftari la wageni ambalo kila anayeingia anaandika neno la upendo kwa mwenyeji. Plagini nimejiwekea mpaka: tisa tu, labda kumi. Kitufe cha "Weka Miadi" hakimo. Kuna cha "Thibitisha Kuhudhuria", na nimekiacha makusudi, kwa maana huo ndio ukarimu.

Nimeshatangaza kwenye kundi. Uzinduzi rasmi wa pili: Jumapili, saa sita mchana. Nimetuma mwaliko kwa watu thelathini na wanane wa ukoo, popote walipo. Shemeji amejibu kwa ua, bila neno, nami nalihesabu kuwa ndiyo.

Nimemwomba Dada amfikishie Shangazi samahani zangu. Jumapili sitaweza kutoka nyumbani. Nina wageni.